Kushona Ndola, Kulea Panda

Ndola, tarehe 18 Oktoba 1992

Mama Gertrude, mukwe yangu mupendwa,

Jambo sana. Kikohozi kimekuacha? Batoto banakula? Minye niko muzima, Mungu asifiwe, lakini roho yangu haijafika hapa. Imebaki kwako Panda.

Mashini ya kushona ilifika nzima. Athanase dereva aliificha chini ya magunia mpaka kamio yake ikavuka mupaka wa Kasumbalesa. Sasa nashonea ku baraza ya muuza-sabuni. Wanawake wanaleta vitenge, wanaambiana, "Huyu wa Zaire anajua kukata."

Mama, siku ile vijana walipovunja dirisha letu na kupiga kelele, "Bakasai warudi kwao!", nilimuuliza Édouard, "Kwetu ni wapi? Nilizaliwa Likasi. Kule Kasai sijui hata muntu mumoja." Alinijibu, "Mbombo, weye uko na ufundi. Enda Zambia, tafuta kibali cha kufanya kazi yako mwenyewe. Ukikipata nitakuja na batoto." Basi ninakitafuta. Umuambie hivyo, na uniandikie anasema nini.

Chadrack wetu mudogo asilale bila soksi.

Muke wa mutoto yako,
Mama Jenny


Likasi, Panda, tarehe 29 Novemba 1992

Mama Jenny, mutoto yangu,

Pokea salamu za nyumba yote. Kikohozi kingaliko, tumezoeana. Batoto banakula bukari ya mihogo. Ile ya mahindi tunaionaka tu kwa wengine.

Uliomba maneno ya Édouard. Ku usine anakofanya kazi, Bakasai wote wamefukuzwa, na kiti cha chef, mukubwa wa kazi, kikabaki wazi. Wakamuita mwanangu: "Tutakupa weye, lakini muke yako ni wa wapi?" Akajibu, "Sina muke." Aliniambia mwenyewe, anaangalia chini. Nikamuuliza, "Na hawa batoto walianguka ku muti?"

"Mama, nisiposema vile watanifukuza na minye. Tutakula nini?"

Na ule mushahara wenyewe haujakuja, wa chef wala wa mufagiaji.

Ku gare bantu wangali wanalala inje, wanangoja treni ya Kasai, na mvua inawanyeshea. Nilipeleka maji, nikamukuta pale mwalimu ya Jenny, amekaa ju ya godoro yake. Alinishika mukono tu. Tangu siku ile namufundisha Jenny asalimie bantu na Kisanga, luga yetu, akiwa barabarani. Anakisema vizuri kupita baba yake.

Mama yako,
Gertrude


Ndola, tarehe 20 Januari 1993

Mama mukwe,

Mwaka mupya uwe na huruma kwenu. Huku tuko tu, kazi iko, afya iko.

Ku biro ya kibali karani aliniuliza, "Biashara yako iko wapi? Mulango wake uko wapi?" Nikasema ni ku baraza. Akacheka, akawaita wenzake nao wacheke. Anataka nikuwe na chumba, na kibao cha jina, na Muzambia wa kunisimamia. Mwalimu mukubwa wa shule moja amenipa nishone uniforme za batoto wa masomo yake, nikimufurahisha atanisimamia. Basi nashona mpaka vidole vinavimba. Nikipima bega la mutoto wa muntu, nawaza la Jenny limefika wapi.

Muambie Édouard ile neno nimeisamehe. Mudomo unaweza kukana na roho ikabaki pale pale. Akuje tu.

Muke wa mutoto yako,
Mama Jenny


Likasi, Panda, tarehe 7 Machi 1993

Mutoto yangu,

Salamu. Kaa kwanza, halafu usome.

Jumapili Édouard alileta mwanamuke na sanduku yake. Jina yake Viviane. Si mwanamuke mubaya. Alisalimia kwa magoti, akaomba ufagio. Ni mwanangu ananiumiza. Alisema mbele ya wote, "Mu nyumba hii muntu asimutaje Mbombo tena." Pasaka ikipita, Jenny atapelekwa kwa shangazi yake Kolwezi, na Chadrack atabaki hapa, ju ni mwanaume wa ukoo.

Nilimuambia, "Édouard, hawa batoto wako na mama." Akajibu, "Yule mama atatuua sisi wote."

Nilimuzaa, nilimunyonyesha, usiniombe nimulaani. Anaogopa mpaka hajijui tena. Lakini batoto ni yako. Athanase anasema iko na nafasi mbele mu kamio. Sema neno, nitafanya.

Mama yako,
Gertrude


Ndola, tarehe 16 Machi 1993

Mama,

Sijui hata namna ya kukusalimia. Walete! Usingoje kibali. Wakinifukuza Zambia, watatufukuza tuko pamoja.

Kila Jumamosi nitakuwa Kasumbalesa, upande wa huku, mpaka nione kamio. Walete wote wawili, na weye mwenyewe ukuje. Chumba ni kidogo, tutabanana. Nakupigia magoti, Mama.

Mbombo yako


Likasi, tarehe 2 Aprili 1993

Mutoto yangu,

Athanase anakupa hii barua, na Jenny iko mbele yako, peke yake. Mukumbatie kwanza.

Leo asubuhi Athanase alipopiga honi, Viviane alikuwa anaogesha Chadrack inje. Édouard, ambaye kwa kawaida hakai nyumbani saa ile, alikuwa amekaa karibu yao ju ya kiti. Jenny nilikuwa nimemutanguliza ku kona ya barabara. Nilisimama mulangoni, nikamuangalia Chadrack na povu la sabuni mu masikio. Kama ningemuita, Édouard angejua, na hata mumoja asingetoka. Nikapita kama muntu anayeenda ku soko.

Jenny aliniuliza, "Nkambo, na Chadrack?"

"Anakuja nyuma."

Nimedanganya mutoto. Minye narudi nyumbani, ju Chadrack asibaki bila muntu yako hata mumoja.

Mama yako,
Gertrude


Ndola, tarehe 30 Mei 1993

Mama,

Jambo. Jenny anakula, lakini haongei. Akitoka ku masomo anakaa mulangoni na kuangalia kila kamio inayopita.

Nilikuandikia maneno mabaya sana, kisha nikayapasua. Unisamehe, hata kama hukuyasoma. Nilikwenda Kasumbalesa nivuke nimufuate Chadrack mwenyewe. Athanase alinishika nguo. "Ukifungua tu mudomo watasikia weye ni Mukasai. Unataka Jenny akuwe yatima?" Nikarudi, sikuona njia.

Kibali kimetoka. Wameandika: mushonaji, mwenye biashara yake, pamoja na mutoto mumoja. Karani alinipa mukono, akanipongeza. Nilisema asante.

Niandikie yote ya Chadrack. Usinifiche, hata kama ni ya kuniumiza.

Mama Jenny


Likasi, Panda, tarehe 12 Desemba 1993

Mutoto yangu,

Salamu, na unisamehe kimya changu. Athanase aliugua muda murefu, na dereva mwingine sikumuamini. Na kweli, niliogopa kuandika.

Usine imenyamaza. Édouard anaendaka kila siku kukaa ku kiti chake cha chef, hakuna kazi, hakuna wa kuongoza. Jioni anarudi. Tangu Jenny aende hanisemeshi. Mara moja tu aliuliza, "Alifika?" Nikasema ndiyo. Akatoka inje, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Uliniomba nisikufiche. Wiki iliyopita Chadrack alianguka ku ngazi, goti likapasuka, akalia, "Mama!" Viviane ndiye alikuwa karibu. Akamubeba, na mutoto akanyamaza hapo hapo, amemushika shingo. Kuanzia siku ile anamuita mama. Viviane alinifuata jikoni na machozi: "Mama Gertrude, nimukataze?"

Nilimuambia angoje. Hii neno si yangu. Jibu weye.

Mama yako,
Gertrude


Ndola, tarehe 9 Januari 1994

Mama yangu,

Jambo. Huku tuko bazima. Jenny ameanza kuongea, anacheza na batoto wa jirani.

Barua yako ilifika karibu na Noeli. Siku ya kwanza nilisema: amukataze! Nikaenda kazini, nikakata shati moja mikono yote miwili ya kushoto. Kesho yake nikasema tena: amukataze. Leo nimechoka kusema.

Muambie Viviane asimukataze. Mutoto akianguka akaita, lazima muntu aitike, na minye kutoka hapa sauti yangu haifiki. Muambie ni minye nimesema, si weye, si Édouard.

Na lile goti, limepona? Hukuniandikia.

Mama ya Jenny na ya Chadrack