Vishati Vitatu na Damu ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Kitanda kipana kama uwanja! Mke wangu yuko wodini siku ya nne. Mguu umevimba — damu imeganda ndani ya mshipa. Na mimi, fundi niliyewavalisha maharusi mia, marubani, hata waziri mwenye tumbo la ngoma, nashindwa kulala peke yangu. Dada yangu kaja na maneno yake: eti kaka, nilikuonya, nguo za mtoto hazishonwi kabla ya mtoto. Mimba tatu zimetoka. Vishati vitatu vimelala kabatini. Nilimcheka. Alipoondoka nikafunga mlango, nikavinusa.

Jumatano, 5 Machi

Dakta kanieleza — binti mdogo, miwani mikubwa. Mwili una askari wake. Wa mke wangu wamechanganyikiwa, wanamgeukia mwenyewe, damu inaganda ovyo. Mguuni. Na kwenye kondo la nyuma pia, linalomlisha mtoto tumboni. Huenda ndiyo maana watoto hawakukaa. Chanzo? Hawajui sawasawa. Labda mtu anazaliwa na kitu, halafu maambukizi au dawa fulani zinakiamsha. Kipimo cha damu kirudiwe baada ya wiki kumi na mbili, ndipo wawe na hakika.

Nikauliza kimzahamzaha: na mume akishona nguo mapema? Akavua miwani. "Fundi, sindano yako inaishia kwenye kitambaa."

Nilicheka sana! Korido ile ina vumbi. Macho yalitoka maji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia mke wangu. Akauliza: "Kwa hiyo haikuwa ile ndoo ya maji niliyobeba?"

Miaka sita! Mimi na vishati, yeye na ndoo, kitanda kimoja.

Ijumaa, 6 Juni

Jibu la pili limetoka: ni ugonjwa uleule. Dakta anasema wengi wanazaa nao, kwa sindano ya kuzuia damu kuganda kila siku na kuangaliwa kwa karibu. Ahadi hatoi. Hatari ipo, hata kwa mama.

Mke wangu kaja hapa kibandani ninaposhonea, kakaa kiti cha wateja. "Baba Nani" — ndivyo anavyoniita tangu mimba ya kwanza — "tujaribu tena?"

Natamani mtoto mpaka mbavu zinauma. Vidole vya kunivurugia tepu ya kupimia. Lakini namtamani zaidi huyu hapa, na soksi yake ya kubana mguu. Nimemwambia ngoja niandike vipimo vya mteja, kumbe naandika haya. Ananitazama tu.

"Mteja gani mrefu hivyo?"

Nasema subiri, mke wangu, ndiyo kwanza nimefika kiunoni —