Kijiji cha Kamba

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Suguti tu wazima. Bibi yako bado anagombana na kuku. Unauliza kama ulimwengu ulipangwa au ulijitokea wenyewe.

Enzi za Ujamaa, afisa mmoja alitupangia kijiji kwa kamba, nyumba zote mstari mmoja. Jiko letu likawa katikati ya njia ya ng'ombe ya kwenda ziwani. Asubuhi wakapita humohumo, ukuta na uji vikaenda.

Bibi yako akamwambia afisa, "Bwana, ng'ombe hawasomagi ramani!"

Tukawaachia njia yao, ikaja kuwa barabara. Wageni walipoisifu inavyopinda vizuri, afisa akasema kaipanga yeye.

Kwa hiyo sijui, mjukuu wangu. Ila nikizitazama nyota, naona, kama yupo aliyezipanga, basi hakutumia kamba.

Babu yako