Mayai Aliyoleta Mama

Rhonda, Nakuru
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Kimeli,

Habari za Kanada? Natumai mgongo umepata nafuu na baridi imewaachilia. Sisi tupo, tunashukuru Mungu, ila nimechoka. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningelia tu.

Unakumbuka nilikwambia Shantel wangu, niliyemwacha na Mama shambani, anaumwa tumbo kila mara. Kumbe si minyoo. Alipimwa damu, ikapatikana na risasi, yaani yale madini yenyewe. Daktari akaniuliza, "Mtoto anakaa wapi?" Nikamwambia, kando ya mgodi wa zamani. Akaweka kalamu chini.

Watu wa afya walikuja kupima udongo. Shamba lote limeingia risasi. Mgodi ulifungwa kabla hatujazaliwa, lakini yale marundo ya mchanga waliyoacha huteremka na mvua kila mwaka mpaka kwenye sukuma na managu ya Mama. Niliing'oa mboga yote kwa mikono yangu, yeye amesimama mlangoni.

Shantel sasa yuko nami hapa. Tumbo limetulia, na kipimo cha pili kimeshuka kidogo. Kama kichwa chake kitashika masomo vizuri, daktari anasema tungoje tuone.

Jumamosi Mama akaja na mayai ya kuku wake, ameyafunga kwa leso, ya mjukuu. Ilibidi nimwambie hata hayo hapana, kwa maana kuku wanadonoa udongo uleule. Aliyatazama yale mayai. Halafu akasema, "Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikimpa sumu."

"Mama, hukujua."

"Nilimlisha kwa mkono huu, Emmy."

Alipoingia kuoga niliyatupa chooni. Roho iliniuma.

Amekubali kubaki nami, ingawa Baba tulimzika kule. Jirani yetu Mzee Muturi bado analima. Hana pa kwenda. Ile nyumba uliyotaka kujenga shambani, tafadhali iache.

Mama naye amepimwa, majibu ni Alhamisi. Hayaulizii hata. Anakaa tu kitini, mikono mapajani. Mpigie, kaka. Mwambie si kosa lake. Mimi nimesema mpaka maneno yameniisha, haniamini. Wewe ndiye kifungua mimba wake, labda atakusikia.

Nisalimie wifi Sue na watoto. Mungu awafunike huko ugenini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Emmy