Etiketi ya Zahabu iko ku Kadi

Yaya Déo,

Nakusalimia toka Bukavu, mvua inanyesha na niko na mahindi ya kuchoma mu mukono. Ile disque ya Misa ya bafu, Requiem, uliniagiza, yenye revue yako ya muziki inasema bacritiques ba Bulaya balipatia prix, zawadi ya kwanza, niliikuta ku soko ya Kadutu na etiketi yake ya zahabu. Muuzishaji akaipiga. Baliimba muzuri, lakini sikusikia kitu ku roho. Akapiga ingine, Misa ile ile, kwaya ingine, bila prix. Nililia mbele ya bamama benye kuuzisha sombe. Moja akaniuliza: "Pole papa, nani alikufa?"

Nikanunua hii ya pili. Muuzishaji akacheka: "Yaya yako anasomaka tu etiketi? Leta ile ya zahabu, niibandike hapa." Nisamehe, nilimuacha abandike, juu nilikuogopa. Lakini ku nyumba nikaibandua na kucha. Sitakudanganya, na disque sitarudisha. Bale bacritiques habakusimama na mimi pale Kadutu.

Etiketi njo hii nimebandika ku kona ya kadi. Prix yako umeisha kuipata. Disque itafika uchi. Funga revue, usikilize.

Nabapenda, wewe na Maman Chantal.

Mudogo wako,
Murhula