Bahari Iliyopata Joto Kitale

Jumanne, 3 Desemba 2024. Kitale.

Nabwile, binti wa mdogo wangu Wakoli wa Bungoma, amenipa kazi. Mwalimu mstaafu wa kemia, miaka sabini na moja, nimeajiriwa tena – bila mshahara, lakini kwa heshima kubwa! Anasomea shahada ya udaktari, mambo ya bahari. Ameniletea hadubini na matope ya chini ya bahari, yameoshwa na kukaushwa. Ndani yake mna magamba ya vijidudu walioelea juu ya maji, wakafa, wakazama. Gamba moja ni dogo kuliko punje ya chumvi. Natakiwa kuchagua thelathini ya aina moja kwa kila kichupa, kwa brashi yenye unyevu. Vichupa kumi na viwili vya kwanza, vya nyakati za karibu, alijaza mwenyewe Nairobi. Kumi na viwili vya mwisho, vya zama za barafu, ni vyangu.

Kijidudu akijenga gamba lake la chokaa huchanganya na magnesi kidogo. Maji yakiwa na joto, magnesi huzidi. Basi pima magnesi, utajua bahari ilikuwa na joto gani wakati huo. Nimemweleza Jerono, mke wangu, mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amelala.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimehamia ghala la mahindi. Kimya, dirisha zuri. Leo Jerono alikuwa akitia mahindi dawa ya fukusi. Vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi zangu. Aliuliza kama unga ule hautaharibu magamba ya mtoto. Nikamfafanulia kwa subira: dawa huua fukusi; magamba haya yalikufa miaka elfu ishirini iliyopita. Hakuna cha kuua. Akaondoka bila swali lingine. Ameelewa.

Ijumaa, 14 Machi 2025

Majibu ya maabara! Nabwile kapiga simu, hapumui. Ati bahari ya zama za barafu ilikuwa na joto kuliko ya leo – digrii nne! Vitabu vyote vimekosea. Jumatatu anawasilisha mbele ya maprofesa. Wakoli ameshanunua mbuzi sokoni Chwele. Mchungaji pia amealikwa, maana sayansi bila nyama haijakamilika.

Jumamosi, 15 Machi

Ametuma grafu. Nimevaa miwani. Kawaida, kawaida, kawaida – halafu, kichupa cha kumi na tatu, joto. Palepale. Bahari ilisubiri kwa adabu mpaka zamu yangu ifike.

Nikaenda ghalani nikasoma pakiti ya dawa. Dawa yenyewe ni chembe tu. Kilichobaki ni talki, lile jiwe laini la kutengenezea poda. Na talki ni nini? Jiwe la magnesi. Nimelifundisha hilo miaka thelathini na minne, na kuwachapa waliolisahau. Maabara waliyaosha magamba, ndiyo, lakini vumbi laini hivyo hujificha kwenye vitundu.

Jerono alinikuta na pakiti mkononi. Aliichukua, akairudisha mahali pake. Afadhali angenikumbusha swali lake la Desemba.

Si jambo la simu. Kesho Bungoma.

Jumapili, 16 Machi. Bungoma.

Mbuzi yuko sufuriani. Mchungaji ameomba kwa ajili ya binti aliyewashinda Wazungu. Wakoli amenisimamisha: huyu ndiye aliyechambua, mzee wa mikono safi. Wamepiga makofi. Nami nimepunga mkono!

Nikamvuta Nabwile nyuma ya jikoni. Nikaanza na historia ya talki. Akacheka, akasema maprofesa nao wanapenda kuzunguka mbuyu. Wamemuuliza mara mbili kama vichupa vilichafuka.

"Niliwaambia haiwezekani, Baba Mkubwa. Vimechambuliwa na mwalimu wa kemia."

"Nabwile," nikasema, "usiwasilishe kesho."

Kicheko kikakatika. Alinitazama usoni, kisha mikono yangu.

"Haya. Nieleze polepole."

Ameenda kuleta viti. Nimebaki na daftari hili gotini. Maisha yangu yote nimetamani mtu aniombe hivyo. Namwona anarudi, kiti kila mkono – na nyuma yake Wakoli na mchungaji, kila mmoja kabeba cha kwake, wameambiwa Mwalimu anaeleza jambo –