Mitego ya Verlin

Jumatatu, 10 Aprili

Tumeanza leo kuikagua njia yetu ya viota. Visanduku kumi na vinne vya ndege kutagia, kuanzia uzio wetu hadi mwisho wa malisho ya jirani yetu Clete. Verlin anafungua, mimi naandika. Ndivyo tulivyofanya tangu binti yetu Janelle akiwa wa kubebwa. Saba vina viota vya ndege buluu, nyasi zimesukwa vizuri, kishimo kidogo katikati. Viwili shomoro wameshajaza takataka zao – nyuzi, manyoya ya kuku, karatasi ya peremende. Washenzi hawa! Wakimkuta mama buluu ndani wanamdonoa kichwa mpaka afe, kisha wanajenga juu ya maiti.

Verlin kaweka mtego kwenye kimojawapo, namba tatu. Ule mdogo wa bati: shomoro akiingia, tundu linajifunga nyuma yake. Kisha akakaa juu ya ndoo kusubiri, saa mkononi. Nusu saa, basi, mtego unatolewa. Kaunti nzima imefundishwa hivyo na yeye: mtego huuachi peke yake hata kama umebanwa na mkojo.

Ila kaniuliza mara tatu hiki ni cha ngapi.

Jumatatu, 17 Aprili

Namba sita: mayai manne! Mama yao hatoki hata ukigonga. Anakutazama tu. Nimempenda huyu.

Verlin aliacha gari likiunguruma uani tangu asubuhi. Nimelizima, nikajiambia ni kwa kuwa hakuvaa vifaa vyake vya kusikia.

Ijumaa, 28 Aprili

Clete kanisimamisha barabarani. Eti jana Verlin alimsalimia mara tatu, na kila mara akamuuliza mkewe anaendeleaje. Mke wa Clete tulimzika msimu wa baridi wa juzi – Verlin alibeba jeneza! Clete alicheka, lakini huku ananichungulia uso. Nami nikacheka. Nikasema Verlin anapenda mzaha, si unamjua. Hata sikuona haya.

Jumanne, 2 Mei

Mgongo umemshika Verlin. Nimekwenda peke yangu.

Namba sita, tundu limezibwa na bati. Mtego. Ndani ya kiota chenye mayai! Nimefungua. Mama kalala juu ya mayai yake, mabawa yamelegea, paji la uso halina hata unyoya kwa kugonga ule mlango. Siku mbili labda. Mayai yamepoa kabisa.

Hakuna mwingine huku mwenye mitego ile. Nimelia palepale kwenye nyasi, na sikuwa namlilia ndege peke yake.

Jumatano, 3 Mei

Nilikusudia kunyamaza. Lakini jana nilimfunga yule mama kwenye gazeti nikamweka barazani, nikashindwa kumzika, na asubuhi Verlin akalifungua. Alimgeuza mara moja tu, akalitazama paji la uso, akajua. Ya ndege bado anayajua yote. Akaja jikoni amebadilika rangi.

"Mpumbavu gani kaacha mtego mle?"

Alikuwa anauliza kweli. Nilimtazama machoni nikitafuta hata chembe ya aibu, sikuiona. Hakumbuki. Na Janelle ameshatuletea picha za ile nyumba ya wazee, yenye bustani nzuri na mlango usiofunguka mpaka ubonyeze namba. Janelle akilisikia hili, Verlin hamalizi mwezi hapa nyumbani.

"Ni mimi," nikasema.

Alimfunga tena yule ndege kwenye gazeti. Kisha akanyoosha mkono: nimpe daftari, nimpe na funguo za gari. "Mtu wa namna hiyo," alisema, "hafai kwenye njia yangu." Aliyasema kwa upole, tena akanishika bega, na hapo ndipo nilipoumia.

Sasa anakwenda peke yake, na hakuna wa kumtazama. Kichwa changu hiki!

Jumapili, 7 Mei

Misumari mitano ya mitego kwenye ukuta wa gereji, jana jioni miwili mitupu. Alfajiri nimetoka kwa miguu, yeye bado anakoroma. Magoti yangu yamenitukana njia nzima. Mmoja nimeukuta namba mbili, mwingine namba tisa – namba tisa kuna vifaranga watano, uchi, macho bado kufunguka! Mama yao alikuwa juu ya waya na mdudu mdomoni, hajaingia. Dakika moja zaidi, angenaswa.

Nimeileta mitego yote miwili nyumbani nikaificha ndani ya pipa la unga.

Alhamisi, 11 Mei

Mitego mingine minne nimeitoa tangu Jumapili. Anajitengenezea mipya kwa makopo ya maharage, vidole havijasahau.

Janelle kapiga simu. Baba hajambo? Hajambo, anahangaika na ndege wake. Mama, kungekuwa na jambo ungeniambia? Ningekuambia.

Mezani Verlin kashusha sauti. Kuna mtu anaingia njiani mwake alfajiri na kuiba mitego. Nyayo kaziona kwenye umande. Nikaendelea kukata nyama. Akaniuliza namshuku nani, nami mdomo ukaropoka: labda Clete. Sijui kwa nini! Ili asinitazame mimi, basi. Akatafuna polepole.

"Clete," akasema. "Siku zote ana maswali mengi yule."

Jumamosi, 13 Mei

Saa mbili na robo asubuhi. Nimepitiwa na usingizi, na upande wake wa kitanda umeshapoa. Gari lipo. Kabati la ukumbini wazi, bunduki yake ya kuwindia bata haimo. Risasi zimemwagika juu ya droo. Mezani kaacha karatasi, mwandiko wake ule ule mzuri: *Namngoja mwizi wetu kwenye namba tisa. Usitoke nje. Kahawa ipo jikoni.*

Clete anaanza kukata nyasi kule saa tatu. Jana alinipungia mkono akaniambia mwenyewe. Simu yake inaita tu, shambani huwa haibebi. Janelle yuko mbali, mwendo wa saa mbili kwa gari. Nikiwaita polisi watakuja na bunduki zao, watamwambia aweke yake chini, naye hataelewa kwa nini.

Nakwenda mimi. Nimevaa koti la mvua, lile la njano, anione kutoka mbali. Nikifika namba tano nitaanza kumwita jina, na nitaita mpaka nimfikie. Na nitamwambia, Clete awepo asiwepo: mtego ulikuwa wako, Verlin, mwizi ni mimi, twende nyumbani. Kisha nitampigia Janelle. Naogopa, ndiyo maana naandika kwanza.

Saa mbili na dakika ishirini na tano. Nimekwenda kunywa maji. Vifaa vyake vya kusikia viko kwenye kisahani, kando ya sinki.