Mama Aliyekuja na Shamba

Mume wangu Uwesu,

Assalaam alaykum kutoka huku mlimani. Simu zako siku hizi ni fupi, nimeona bora nimpe Twahira anayesafiri barua hii akuletee huko Maskati.

Shamba tumelipata. Nimehama kule Kijenge mjini, na nikifungua mlango asubuhi nauona Mlima Meru wote, na baridi yake inaniingia mpaka mifupani. Migomba imestawi, mfereji unapita nyuma ya jiko. Majirani wananifundisha Kimeru huku wakinicheka.

Lakini kuna jambo. Siku ya makabidhiano, Anande aliyetuuzia alikuwa ameshapakia vyombo vya mama yake kwenye gari ampeleke mjini. Mama mwenyewe alikuwa bado anapalilia mahindi. Nikamfuata.

"Mama, gari linakusubiri."

"Nimalize mstari huu, mwanangu."

Akaumaliza, akaanza mwingine.

Nilishindwa, Uwesu. Nilimwambia Anande ashushe vyombo.

Sasa naishi naye kwenye nyumba yake ileile. Jioni tunapika pamoja, naye mwanzoni alikuwa akiniuliza, "Mumeo anakuja lini?" Nikawa namjibu kwamba ni karibuni. Nimejibu hivyo mpaka naona haya, na yeye siku hizi haulizi tena, ananiongezea chakula tu.

Najua ulitaka nyumba hiyo ibomolewe tujenge yetu. Mimi sitamwondoa. Ukiona hafai kukaa, njoo umwambie wewe mwenyewe. Njoo, hata kama ni kugombana na mimi.

Mkeo,
Nusura